Kiti cha Mzee Mabry

Kuna watu husoma sana mpaka wakaacha kuona. Tavares Lockett ni mmoja wao, nami namtaja kwa jina kwa sababu yeye hakuona haya kututaja kwa yetu.

Lakini ninayetaka kusimulia habari zake si yeye. Ni Shangazi Verlene Mabry, shangazi wa mume wangu, wa hapa hapa Albany, Georgia. Kwa miaka arobaini, kila anayezikwa na kanisa letu hupata karatasi ya mazishi yenye picha yake juu na ubeti mmoja wa Shangazi chini. Wapo walioacha kuja ibadani zamani, lakini mtu akifa simu ya kwanza humpigia yeye.

Hakwenda chuo cha kutunga. Huweka picha mezani na kuitazama kuanzia chini.

"Uso wa pichani ni wa kuazima," huniambia. "Anza na miguu."

Kwa viatu vya shemasi Purvis alijua kwamba mkewe ndiye aliyekuwa akimvisha. Akaliandika hilo, na mjane akalia kuliko alivyolia kaburini.

Sasa huyu Tavares. Bibi yake aliimba katika kwaya yetu, kwa hiyo hawezi kujitetea kuwa ni mgeni. Alienda Atlanta, akawa mwalimu wa ushairi, akarudi na skafu shingoni, mwezi wa sita, katika joto la Georgia. Alikuwa anatengeneza kitabu cha familia zetu, ukurasa huu picha, ukurasa ule shairi lake. Akamwomba Shangazi picha, naye akampa ile aipendayo kuliko zote, ya Pasaka ya mwaka 1961.

Pichani yumo mama yake, Idella, na watoto wanne kwenye ngazi za mbele ya nyumba, nguo mpya, viatu vinang'aa. Kando ya mama kuna kiti cha jikoni, kitupu. Hicho ni cha baba yao, Mzee Ulysses, fundi wa reli, mwenye kamera pekee mtaa mzima. Kila Pasaka kabla ya ibada aliwapiga picha, na kila Pasaka Idella alimtolea kiti chake, ili asisahau kuwa naye ni wa nyumba ile. Mzee alisimama kwenye majani, jua mgongoni, na kivuli chake chenye kofia kikaangukia viatu vya wanawe. Hakuna aliyewahi kumpiga picha yeye. Kivuli hicho ndicho kilichobaki cha Ulysses Mabry duniani, na kati ya wale watoto wanne aliyebaki ni Shangazi peke yake.

Kitabu kililetwa Jumatano, pamoja na ile picha. Shangazi akafungua ukurasa wake, akaanza kutazama chini kama kawaida yake, akakuta hakuna chini. Picha ilikuwa imekatwa magotini. Ukurasa wa pili kulikuwa na shairi refu kuhusu kiti cha baba aliyetoroka, mama aliyeachwa, watoto wenye njaa ya jina. Akasoma mara mbili.

"Amemfukuza baba yangu nyumbani kwake," akasema.

Nilitaka kupiga simu nimtukane mtu. Shangazi akanikataza.

"Jumapili anakuja kusoma kanisani. Mwache ashibe sifa kwanza."

Alhamisi nikamkuta Shangazi ofisini kwa mchungaji, anatoa nakala za kitu kwenye mashine. Sikuuliza.

Jumapili baada ya ibada Tavares alisoma ukumbini bila kitabu, macho yamefumbwa. Hakuhitaji kuyafumba, hayakuwa na kazi tangu mwanzo. Alipofika kwenye baba aliyetoroka, watu wakaitikia "Amina", maana watu wetu ukiwapa sauti nzuri wataitikia hata kama unawasomea bei za misumari. Nyuma, mguu wa nguruwe na makaroni ya jibini vilikuwa vinapoa. Shangazi akainuka.

"Mwanangu Tavares, kabla hatujala, tupige picha. Ukoo wote wa Mabry, pale nje ngazini."

"Kwa heshima kubwa, Bi Verlene. Nisimame wapi?"

"Pale kwenye majani. Wewe si ndiye bingwa wa picha?"

Mume wangu akataka kumpokea Tavares simu ampigie hiyo picha. Shangazi alipomtazama, mume wangu akarudi mahali pake. Shangazi akaagiza kiti kiletwe, kikawekwa kando yake, kitupu. Tavares akapiga picha tatu, jua la alasiri mgongoni mwake. Shangazi akaomba simu, akatazama kuanzia chini.

"Mbona wewe humo pichani?"

"Nilikuwa napiga, mama."

"Kiti chako kitupu hiki hapa. Ulitukimbia?"

Tavares akacheka. Kisha akaona kivuli chake mwenyewe kwenye viatu vyetu, na kicheko kikamkauka. Shangazi akatoa mkobani picha ya Pasaka, nzima, akaweka kidole kwenye kofia ya baba yake.

"Ile... ile ilionekana kama kasoro," Tavares akasema. "Ukurasa ulikuwa mfupi."

"Kasoro hiyo ndiyo iliyoninunulia hivyo viatu."

Tavares akaanza kuahidi. Angesahihisha katika chapa ya pili. Chapa ya pili, kitabu cha mashairi! Hata mama yake mzazi hajamaliza nakala ya kwanza.

"Mimi nina miaka sabini na nane," Shangazi akasema. "Sisubiri chapa."

Akamkalisha kwenye meza ya pembeni ukumbini, akamwekea maboksi ya vitabu vyake, kopo la gundi, na rundo la zile nakala za Alhamisi. Ni karatasi ya mazishi, ya kwanza kuandikiwa Mzee Ulysses, maana alizikwa kabla binti yake hajaanza kuandika. Juu pana ile picha, haikukatwa. Chini pana ubeti:

*Kiti chake kiko wazi, mwenyewe yu kamerani,*
*Ameshika yake kazi, kivuli ki miguuni,*
*Hakukimbia mzazi, yuko papa hapa chini,*
*Mtunzi hana ujuzi, hakutazama majani.*

Sisi tulikula. Yeye alibandika, kitabu baada ya kitabu, juu ya shairi lake mwenyewe. Skafu aliivua. Kwenye kitabu cha nne au cha tano akainua kichwa.

"Bi Verlene, na huu mstari wa mwisho nao ubaki?"

Shangazi alikuwa anakata pai ya viazi vitamu. Hakugeuka.

"Huo ndio uutie gundi zaidi."