Kuua Joka Bila Kujificha

Mwezi uliopita nilirudi Kasongo kwa matanga ya shangazi yangu, na motari aliyenileta kwa pikipiki yake kutoka Kindu akanishusha mbele ya nyumba moja ya matofali ya udongo. Nilitaka kuipita bila hata kugeuza shingo, nikashindwa. Zamani palikuwa na mulini wa kusagia mihogo wa jirani yetu, mama mmoja mjane, na ndani ya mulini ule, rafiki yangu, usicheke, ndimo nilimoulia joka. Sasa wanauza simu na kuchaji betri. Nikamwambia motari, "Hapa niliua joka." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, pumzika kwanza, jua iko kali."

Basi nikuambie wewe, maana wewe utanielewa. Jirani yetu alikuwa na grupe, jenereta la kizamani lililokohoa kabla ya kuwaka. Asubuhi lilizungusha mulini. Mchana, akina mama wakishaenda na unga wao, aliligeuzia kwenye televisheni ndogo na mchezo wa video ambao marehemu mume wake aliuleta kutoka Uvira. Hatukulipa kwa franga. Tulilipa kwa bidon ya maji kutoka chemchemi, au kwa beseni la mihogo iliyomenywa vizuri, na yeye alikagua kila muhogo. Mle ndani mlinuka esanse, mafuta ya grupe, na mihogo iliyochachuka, na unga ulitanda kila mahali, hata mpiganaji wetu kwenye kioo alikuwa kama mtu aliyetoka kusaga.

Nasema mpiganaji wetu kwa sababu alikuwa mmoja tu. Watoto kumi na wawili, kadi moja ya kuhifadhi mchezo, mpiganaji mmoja mwenye upanga na upinde, akitembea katika nchi ya ngome na wachawi. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, kwa hiyo kila kitu tulikipa maana yetu. Mfalme wao tulimwita Mwami. Mzee wa dawa alikuwa nganga. Na kwa kuwa wengi wetu tulitoka katika nyumba za wawindaji, mambo tuliyaendesha kama msako wa nyavu: aliyeshika kidude cha kuchezea ndiye mwenye mkuki, waliobaki ni wafukuzaji wenye kelele, na mama jirani, mwenye grupe, ndiye mwenye nyavu. Mwenye nyavu ndiye anayegawa. Dhahabu yote aliyopata mpiganaji, yeye ndiye aliyeamua inunue nini.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu kubwa. Tulipofika karibu na pango la joka, mama jirani alimtazama mpiganaji wetu, akaona nguo zake zimechakaa, akakasirika kwelikweli. "Mutu anaenda mbele ya Mwami na manguo ya kupasuka? Watasema ametoka kwa nani?" Tukauza dawa zake karibu zote, tukamnunulia joho jekundu. Lilikuwa zuri, sikatai. Lakini halikuzuia moto hata kidogo.

Sasa nikuambie kuhusu bibi yangu, tuliyemwita Koko. Alikuwa Mubangubangu wa Kabambare, mjane wa mwindaji, na mwanaume yeyote wa mtaa wetu aliyerudi na mnyama alipitia kwanza kwenye kibaraza chake. Aliyeua kwa mkuki, uso kwa uso, Koko alimwimbia wimbo wenye jina lake ndani. Aliyemkuta mnyama amekwisha kuanguka shimoni hakuimbiwa. "Hiyo ni nyama," alisema. "Tutaikula na tutashukuru." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitwanga, nilichota maji, nilipika sombe, na niliutaka wimbo ule kuliko nguo ya Noeli. Lakini msichana hapewi mkuki. Joka ndilo windo pekee lililonifungulia mlango, na nilijiapiza kwamba nitaliua mimi na Koko ataniimbia.

Likizo ile akaja kijana mmoja kutoka machimbo ya dhahabu ya Lusangi, mgeni wa mama jirani, amefungwa kitambaa mkononi kwa sababu jiwe lilimponda vidole. Tulimpenda mara moja. Alikuwa na kofia nzuri, na alijua michezo. Siku ya tatu akaomba kidude, akampeleka mpiganaji pangoni, akambanza nyuma ya jiwe moja kubwa. Joka likageuka huku na huku, halikumwona. Yeye akawa anarusha mishale, mmoja mmoja, kwa mkono ule mzima, huku tukimlisha karanga. Lilichukua muda mrefu kufa, na halikutema moto hata mara moja. Tulipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakachungulia. Mimi pia nilipiga kelele, ingawa moyo uliniuma.

Kabla hajahifadhi kitu kwenye kadi, grupe likaishiwa esanse na kioo kikawa cheusi. Akacheka tu. "Kesho nitaua tena, haina shida." Wenzangu wakamvuta mpaka kwa Koko aimbiwe. Koko alikuwa anapepeta mpunga. Walipomweleza, aliuliza kwanza kama joka linaliwa.

"Hapana, Koko, haiko ya kula."

"Sasa munaiwinda ya nini?" Akamgeukia yule kijana. "Na weye, wakati unaipiga, ilikuona?"

Kijana hakuwa mwongo, namsifu kwa hilo. "Hapana, Koko. Hiyo njo ujanja yake."

"Basi kaa, tukule," akasema Koko, akampakulia wali na samaki wa Lualaba, kipande kikubwa. Hakuimba. Kijana alikula vizuri, lakini nilimwona anatazama chini.

Kesho yake nilimwambia mama jirani kwamba joka ni langu na sitasimama nyuma ya jiwe. Ilikuwa nusu ombi, nusu matusi. Akasema nimenye mabeseni mawili kila siku badala ya moja. Nikamenya mpaka vidole vikapasuka. Na kila mchana niliunguzwa. Joho jekundu likawaka, mpiganaji akaanguka, tukarudi kuanza pale kadi ilipoishia. Wenzangu walichoka nami. "Jiwe ile pale! Enda kwa jiwe!" Mmoja akaniita kichwa cha mbuzi, akasema naharibu likizo ya watu kwa kiburi, na kweli nilikuwa na kiburi, ninacho hata leo. Lakini nilikuwa najifunza. Kabla ya kutema moto joka huinua bawa la kushoto, kidogo sana. Ukirukia upande ule, chini ya bawa lenyewe, moto unapita mgongoni.

Siku ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, watoto walikubaliana kuninyang'anya zamu. Yule kijana wa machimbo ndiye aliyesimama mlangoni. "Mumuache apige mara moja ya mwisho," akasema. "Mimi mwenyewe nataka kuona." Nikaingia pangoni katikati kabisa, mahali peupe. Joka likaniona. Bawa, nikaruka. Bawa, nikaruka. Dawa ilikuwa moja, nikainywa mapema mno kwa woga. Mikono ilikuwa na utelezi wa mihogo, nikaifuta kwenye sketi bila kutoa macho kwenye kioo. Mwishoni mpiganaji wangu alibakiwa na uhai mwembamba mno, na joka likainamisha kichwa mpaka usoni pake. Nilipiga upanga. Likaanguka polepole, na mama jirani akahifadhi kwenye kadi kwa mkono wake mwenyewe.

Aliyekimbia kupeleka habari ni yule kijana, si mimi. Nilipofika, Koko alikuwa amesimama, ungo chini.

"Ilikuona?"

"Iliniona, Koko. Kila siku iliniona."

Akakaza kikwembe kiunoni, akaimba. Aliimba wimbo wote, kama alivyowaimbia wanaume wenye nguruwe mwitu begani, na majirani wakatoka kwenye majiko yao wakaitikia bila kujua nimeua nini. Nililia wazi mbele za watu. Sijawahi kuona aibu kwa machozi yale.

Mama jirani aliuza grupe akahamia Kindu, na kadi sijui ilienda wapi. Wawindaji wenyewe wamepungua, vijana wako machimboni. Koko alifariki nikiwa sekondari, na wimbo hakuna aliyeushika, kwa sababu kila mtu alidhani mwingine anaujua. Mimi nimebaki na mistari minne, katika Kibangubangu nisichokimudu vizuri. Mmoja wao una jina langu ndani.