Jicho la Kushoto la Mama Hosea

Mimi Mughwai sipendi mtu anayekuja kupigwa picha kama amekuja kukatwa kichwa. Kidevu juu, mabega chini, mdomo ufunge lakini usinune. Mambo matatu tu, na watu wa Sepuka yaliwashinda! Ndiyo maana walinikimbia kwa ukali wangu, kisha wakarudi kwa sababu ya picha zangu. Mwaka wa tisini na tatu mitumba ilikuwa imejaa mnadani, na mimi kibandani nilikuwa na makoti mawili, tai, mkoba na saa isiyotembea, vyote vya kuwaazima wateja. Mtu aliingia mkulima, akatoka karani.

Mama Hosea aliingia siku ya upepo, ana vumbi mpaka masikioni. Jina lake Febronia, mjane, mkulima wa alizeti na mtama, na hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Alikuwa akikusalimia huku anatembea. Ukimpa kiti anakifuta, anakisogeza, halafu anasimama. Mwanawe wa pekee, Hosea, alikwenda kuchimba madini Mererani, kule upande wa Arusha, na huo ulikuwa mwaka wa sita hajaonekana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipige picha niitume kwa Hosea. Lakini jicho hili lionekane."

Akanisogezea uso. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama mtindi. La kulia nalo, akasema, limeanza ukungu, na hospitali walishamwambia lina miezi, si miaka. Barua mbili zilikwenda kwa Hosea kwamba mama yako anapofuka, njoo akuone. Hakuja. Alidhani ni mbinu ya kumrudisha kwenye jembe.

"Barua ameikataa, picha hataikataa," alisema. "Nataka nimwone mwanangu kabla sijaingia gizani. Sina shida nyingine."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilikasirika! Picha yangu mimi ifike Mererani, ishikwe na watu wenye fedha zao, halafu ina jicho bovu? Watasema fundi gani huyu?

"Mama Hosea, hii ni picha, si cheti cha hospitali."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, Mughwai."

"Vaa koti kwanza."

Akavaa lile la kijani. Mke wangu Joyce akampaka mafuta usoni, akamfunga kilemba. Nikampa kioo. Alikisogeza karibu na jicho zima, na kwa mara ya kwanza nikamwona ametulia. "Ala! Huyu ni mimi?" Akacheka peke yake. Hapohapo nikamgeuza uso kidogo, jicho la kulia likabaki upande wangu, la kushoto likaingia kivulini. Hakubisha tena. Alikuwa amejipenda, na nani asiyejipenda? Nikapiga.

Mkanda wangu ulikuwa wa picha thelathini na sita, na yake ilikuwa ya nne. Mkanda sikuutuma nusu. Ukijaa ndipo kondakta wa basi anaupeleka Arusha kusafishwa. Hapo balaa likaanza. Kila kukicha Mama Hosea yuko mlangoni.

"Zimefika ngapi?"

"Saba, mama."

"Bado saba? Kijiji hiki watu hawana sura?"

Akaanza kunitafutia wateja. Alileta wanakwaya, akaleta maharusi wa mwaka juzi, akamleta Mzee Alute aliyeapa kwamba hapigwi picha mpaka afe, akamshika kidevu mwenyewe: "Juu! Mabega chini! Usinune!" Maneno yangu yote alishayabeba. Na kila siku alikuwa na habari mpya ya jicho. Leo sikuliona bomba. Leo nimesimama namsalimia mbuzi wa watu. Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu juu. Mkanda ulijaa kwa wiki mbili.

Picha ilirudi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Tukaituma Mererani.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Alikuja na bahasha mkononi, sasa anatembea kwa fimbo. "Soma upesi," akasema. Nikasoma:

"Mama yangu mpendwa, picha nimeipata. Kumbe u mzima wa afya! Umependeza kuliko nilivyokuacha, wenzangu wanabisha, wanasema huyu ni dada yangu. Waliokuwa wanaandika kwamba huoni, Mungu anawaona. Sasa roho yangu imetulia. Nitakuja mwakani, au mwaka unaofuata. Nami nakutumia picha yangu, uniangalie."

Maneno ya mwisho niliyasoma chinichini. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyekugeuza."

"Na kioo nilikishika mimi. Picha iko wapi?"

Nikampa. Akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaisogeza mpaka ikagusa pua. Akaipinda huku, akaipinda kule. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu. Nililia, siwafichi.

"Nieleze," akasema.

"Amevaa suti. Viatu vinang'aa. Amesimama kando ya gari."

"Amenenepa?"

"Suti ni pana, mama, siwezi kujua."

"Kidevu?"

"Kiko juu."

Fimbo yake ilikuwa inagonga sakafu, haitulii. "Anatazama mbele, au amegeuza uso?"

Nikaitazama upya, safari hii kama fundi. Uso ulikuwa umegeuzwa, shavu moja lote limemezwa na kivuli. Mkono wa kulia ulikuwa nyuma ya mgongo, hata kidole hakionekani. Aliyepiga alikuwa hodari. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

"Amegeuza, mama. Na mkono mmoja umefichwa."

"Kama na huko kuna fundi kama wewe, Mughwai, basi mwanangu hali yake mbaya." Alikuwa ameshaanza kuupapasa mlango. "Basi la Arusha linatoka mjini saa ngapi?"

"Alfajiri. Lakini huoni, mama! Utamwangaliaje?"

"Nitamshika uso, shavu hili na hili. Kwangu hakuna kugeuka."

Nikafunga kibanda ili nimsindikize. Nje upepo ulikuwa wa baridi, nikamletea lile koti la kijani. Alilipapasa vifungo, akalitambua, akanirudishia: "Hilo ni la picha."