Peris na kofia aliyoifua kwa sabuni

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, theluji ya Machi inaanguka Saint Paul, Marekani, kana kwamba haijaambiwa wakati wake umekwisha. Ndani ya duka dogo la kofia, hatua chache kutoka kituo cha treni ya Green Line, birika la chuma linatoa mvuke. Peris Nasimiyu ameliinamia, mikono yote miwili imeshika kofia kwenye ukingo, anaizungusha pole pole.

Amevaa kikauboi hasa. Buti za kahawia zenye ncha, zimedariziwa maua mpaka kwenye ugoko. Jinzi imepigwa pasi ikasimama mstari. Shati lina vifungo vya lulu, na bizimu ya mshipi inakaribia ukubwa wa kisosi cha chai. Ukiingia ghafla utadhani kuna tamasha, kumbe hivi ndivyo mama huyu wa miaka arobaini na minne anavyovaa siku zote asipokuwa na sare ya kazi.

"Leo chai imenikataa," anasema bila kuinua macho. "Nikimaliza hii ndiyo nitajua kama mimi ni fundi au ni mtu wa kupenda kofia tu."

Kofia iliyo mikononi mwake si ya mteja. Ni ya Mzee Arvid, mwenye duka, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, na saa nne kamili atakuja kuikagua. Ikimridhisha, vichwa sitini na vitatu vya mbao vilivyopangwa kwenye rafu vitakuwa mali ya Peris. Kila kichwa kina ukubwa wake na umbo lake, na ndicho fundi anachokivisha kofia na kuivuta mpaka ikae sawa.

Isipomridhisha, mwenye mkahawa mmoja mjini atakuja Jumatatu kuvibeba akavitundike ukutani viwe mapambo. Duka lenyewe halina rufaa. Jengo limeuzwa, litabomolewa, na hapa patasimama fleti za orofa sita.

"Mwashi bila mwiko ni mpita njia," anasema Peris. "Mimi bila hivi vichwa ni hivyo hivyo."

Mapenzi yake kwa mambo ya kauboi hayakuanzia Marekani. Yalianzia Kitale, katika nyumba ya dereva wa trekta aliyekuwa na redio moja na sheria moja: Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, mtu asiguse redio hiyo. Zilikuwa zinapigwa nyimbo za magitaa, za wanaume waliopoteza wapenzi na farasi, na baba yake alikuwa akizisikiliza huku akipiga buti zake rangi. Kichwani alivaa kofia pana aliyoinunua mtumba sokoni.

"Mimi kwa kweli nilidhani makauboi ni kabila la Kenya," anasema, anacheka. "Nilidhani wako huko karibu na Eldoret. Mtu wa kwanza aliyeniambia ni watu wa Marekani nilimbishia."

Basi alipopata viza miaka minane iliyopita, alifungasha buti. Akashuka Minneapolis mwezi wa Januari akitazama huku na huku. Hakuona kofia pana hata moja. Watu wote walikuwa wamevaa vifuniko vya sufu vya kuziba masikio, wanatembea wameinamisha vichwa kama wanaotafuta shilingi iliyoanguka.

Alisoma kozi ya uuguzi msaidizi, akaanza kuhudumia wagonjwa majumbani. Mwaka wa pili alipelekwa kitongoji cha Woodbury, kwa mzee mmoja ambaye mkewe alikuwa amepooza upande mmoja. Alipofungua mlango tu, akaiona: kofia ya kijivu, pana, imetundikwa kwenye msumari sebuleni.

"Moyo uliruka," anasema. "Nikajiambia, Peris, umefika."

Hapo ndipo balaa lilipomfuata. Mgonjwa alilala mchana, kazi zikaisha, na Peris alilelewa na mama asiyeweza kumwona mtu amekaa bure katika nyumba ya watu. Kofia ile ilikuwa na jasho la miaka, utepe wake umekolea mafuta. Akaona huo ndio wema atakaoufanya. Akachota maji ya moto, akamwaga sabuni ya unga, akachukua brashi, akaifua kofia vile anavyofua raba nyeupe za shule, mbele na nyuma, mpaka povu likawa jeusi. Kisha akaitia kwenye mashine ya kukaushia nguo.

Kofia ya namna hiyo hutengenezwa kwa manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa mpaka yakawa kitu kimoja. Maji ya moto huyakaza. Mashine ilipolia, Peris alitoa kofia ya kumtosha mtoto wa miaka mitatu.

"Nilikaa chini jikoni," anasema. "Nikaanza kuhesabu nguo zangu za kurudi nazo Kitale."

Mwenye nyumba, ambaye ndiye Mzee Arvid, aliporudi aliichukua, akaivisha ngumi yake, akaitazama. Ndipo akamweleza kwamba ile ilikuwa kofia ya kwanza aliyoitengeneza kwa mkono wake akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na kwamba alioa akiwa ameivaa.

Peris alilia. Mzee akamngoja amalize. Halafu akamwambia: "Una mikono yenye nguvu na huogopi kazi. Jumatatu asubuhi uje dukani. Uliyeiharibu ndiye utakayeitengeneza."

Miaka sita imepita tangu siku hiyo. Mke wa mzee alifariki mwaka uliofuata, na Peris alimshika mkono hadi mwisho. Kwa sasa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Saint Paul, shifti ya saa tisa mchana hadi saa tano usiku. Asubuhi zake zote ni za dukani. Huko amejifunza kusafisha, kunyoosha ukingo, kushona utepe wa ngozi wa ndani, na kuvuta kofia mpya kutoka kwenye kipande kisicho na umbo. Kusafisha kofia moja ni dola arobaini, na kwa wiki hupata nne au tano.

"Pesa ya kofia hailipi nyumba," anasema. "Inalipa furaha. Lakini furaha nayo ina bili zake, msiniulize habari za buti."

Cha ajabu, wateja wanaongezeka wakati mji unabadilika. Wazee wa zamani wenye mashamba wanapungua, na wanaoingia mlangoni siku hizi ni Wakenya, Warundi, Wahmong waliotoka Asia, vijana wa Kimeksiko. Uwineza, Mnyarwanda mwenye duka la vitambaa mtaa wa University, aliagiza kofia kumi na mbili kwa ajili ya wajomba kwenye harusi ya mdogo wake.

"Kwetu ng'ombe ni heshima," anasema Uwineza, ambaye leo amefika mapema kumtia moyo rafiki yake. "Sasa hawa wenzetu wana nguo kamili ya watu wa ng'ombe, na wameiacha kabatini. Sisi tufanyeje?"

Kila Jumamosi jioni Wakenya hukodi ukumbi wa kanisa na kucheza densi za kikauboi kwa mistari, buti zikigonga sakafu kwa pamoja. Anayeuendesha mchezo ni Duncan, kinyozi kutoka Nakuru, ambaye naye yuko hapa na kofia yake nyeusi.

"Majirani Wazungu walikuja mara ya kwanza kulalamika juu ya kelele," anasema Duncan. "Sasa wanakuja kufundishwa hatua. Juzi mama mmoja aliniuliza hizi densi zimetoka sehemu gani ya Afrika. Nikamwambia, mama, hizi ni zenu."

Anaweka kofia yake mezani ukingo ukiwa chini, jambo ambalo kwa makauboi ni mkosi. Peris, mvuke usoni, anaiona kwa pembe ya jicho.

"Duncan, igeuze. Bahati yako inamwagika."

"Samahani, Mama Velma," anasema Duncan, na kuigeuza haraka kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Lakini kofia ya mzee imemtesa Peris kuliko zote. Ameivuta mara sita kwa miaka hiyo sita. Kila mara ilitanuka, ikamfurahisha, na ilipopata unyevu kidogo ikarudi kuwa ya mtoto. Kosa lake lilikuwa haraka. Safari hii, ya saba, ameivuta kwa miezi mitano, unene wa uzi tu kila wiki, anaivisha kichwa cha mbao, anaifunga kwa kamba, anaiacha.

"Niliona aibu," anasema. "Mimi ninayewalisha wazee kijiko kwa kijiko, nasahau subira nikishika kofia."

Velma, binti yake wa miaka kumi na sita, amekaa kwenye kiti cha wateja na simu mkononi. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akiulizwa kama anaona aibu mama yake kupanda treni na buti zile, anajibu kwamba zamani alikuwa akikaa behewa jingine. Sasa hukaa naye, anasema, kwa sababu watu wakimsalimia mama huwarekodi kwa simu, naye anapata wafuasi mtandaoni.

Saa nne kasoro dakika mbili kengele ya mlango inalia. Mzee Arvid anaingia, mrefu, kichwa wazi, theluji begani. Anamsalimia kila mtu kwa jina. Kisha ananyoosha mkono na Peris anampa kofia.

Anaigeuza. Anapitisha kidole gumba kwenye utepe wa ndani. Anainusa. Anaisogeza karibu na dirisha, anafumba jicho moja na kutazama ukingo kama mtu anayekagua ubao. Peris amekunja mikono nyuma. Uwineza ameshika mkufu wake.

Mzee anaivaa. Inamkaa. Inashuka mpaka pale hasa ilipoacha alama kwenye paji lake kwa zaidi ya miaka hamsini.

Duncan anataka kupiga makofi, Peris anamzuia kwa macho. Anajua bado. Duka hili lina desturi yake, na kila fundi aliyepita hapa anaijua: kofia ambayo Arvid haiamini haitoki nje siku ya theluji. Huivua, huiweka mezani, husema asante. Na unyevu ndio ulioziumbua zile mara sita.

Mzee anatazama dirishani. Nje theluji imezidi, matone mazito ya majimaji, mabaya kuliko yote. Anafunga vifungo vya koti.

Anafungua mlango na kutoka na kofia kichwani.

Anavuka barabara, anasimama kituoni, si chini ya paa bali kando yake, uso juu. Treni moja inakuja na kuondoka. Yeye bado yupo. Ndani ya duka watu wanne wamejibana dirishani. Velma ameiweka simu chini. Ukingo unageuka mweupe, kisha unazidi kuwa mweupe, na haulegei.

"Baba wa mbinguni," ananong'ona Peris.

Baada ya robo saa mzee anarudi. Anaivua, anaikung'uta mara moja, anaingiza mkono ndani. Pakavu. Anairudisha kichwani na inaingia bila kusukumwa. Anamgeukia binti.

"Velma," anasema, "msaidie mama yako kupakia vichwa."

Peris anaketi juu ya sanduku, anaficha uso kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika, na mtu hajui kama ni kicheko au kilio mpaka anapoinua kichwa na kuonekana ni vyote viwili. Uwineza anapiga kigelegele hadi mwenye duka la simu jirani anakuja kuuliza kuna nini.

Kuanzia mwezi ujao, Peris atakuwa na meza yake nyuma ya duka la vitambaa la Uwineza, karibu na dirisha. Mzee Arvid ameahidi kuja kila Alhamisi, kukosoa. Shifti haachi. "Wale wazee wangu wananihitaji, na wengine wao wana kofia," anasema.

Lakini kofia ya kwanza itakayotoka kwenye meza hiyo haitauzwa. Mfukoni mwa shati anatoa uzi mweusi wenye fundo moja. Mama yake aliuzungusha kichwani mwa baba yake huko Kitale, akafunga fundo pale ulipokutana na ncha, akampa msafiri aulete. Baba huyo sasa ana miaka sabini na tisa na ile kofia yake ya mtumba imeliwa na panya. Desemba Peris anakusudia kumpelekea mpya, akiwa ameipakata mapajani safari nzima.

Gari lililokuja kuvibeba limejaa vichwa. Peris anapanda nyuma, anapiga magoti katikati yao, buti na yote, na kuanza kuuzungusha uzi kichwa kimoja baada ya kingine. Kwenye cha kwanza unapwaya. Kwenye cha pili haufiki. Velma anamshikia taa ya simu. Kwenye cha tisa, kilichopauka kwa kutumika, uzi unazunguka, na ncha inakuja kukaa juu ya fundo.

Peris anaweka kiganja juu ya mbao ile na kukiacha hapo.

"Shikamoo, baba," anasema.

Na Velma, ambaye hujibu kwa Kiingereza, anaitikia badala ya babu yake: "Marahaba."