Hodi ya Dalali

Saa tatu asubuhi, mwanamume wa makamo anasimama mbele ya mlango wa bluu na kupiga hodi. Ndani, redio inazimwa ghafla.

"Wapo," anawanong'oneza wapagazi wake wawili. "Nyumba isiyo na mtu haizimi redio."

Huyu ni dalali wa mahakama. Mtaani wanamwita Nyundo. Amekuja kukaza hukumu, neno linalowatoa watu jasho kabla hawajalielewa.

"Ukishinda kesi ya deni, umepata karatasi tu," anaeleza. "Ni fundo umelifunga, hujalikaza. Mdaiwa asipolipa, unarudi mahakamani kuomba hukumu ikazwe. Hapo ndipo natumwa mimi, kukamata mali na kuinadi."

Jina la kazi yake nalo limetoka mbali. Dalali ni neno la asili ya Kiarabu: mtu anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi.

"Kukutanisha!" anacheka. "Mimi nimefarakanisha hata watoto wa mama mmoja."

Mwenye nyumba anafungua, uso umemshuka. Makochi yanatoka, na televisheni. Vitanda, sufuria na cherehani vinabaki, sheria inavikinga. Mpagazi aliyeigusa cherehani anakaripiwa, na Nyundo anairudisha mwenyewe dirishani.

Miaka sita iliyopita, hukumu ilimwangukia shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Dalali mwingine angeweza kwenda, lakini Nyundo aliiomba kazi ile.

"Nilidhani akiingia ndugu, aibu itapungua. Kumbe niliiongeza."

Kilichotoka siku ile ni kabati la marehemu mama yao, alilorithi dada huyo, ambaye ndiye aliyemlea Nyundo. Nyundo hakuweza kulikomboa: dalali haruhusiwi kununua anachokinadi. Aligonga nyundo, likaondoka na mgeni.

Tangu hapo, hodi yake kwa dada haijaitikiwa.

"Namsikia anakohoa ndani. Nimemkumbuka, jamani, naye yuko nyuma ya ubao tu. Wanasema damu nzito kuliko maji. Na mlango je?"

Mwezi uliopita alimpata yule mnunuzi, akamsihi mpaka akamuuzia. Kabati liko chumbani kwake, tupu. Nguo zake mwenyewe bado zinaning'inia msumarini. Jumapili atalipeleka.

Na dada asipofungua?

Nyundo anapangusa vumbi kwenye kochi la watu.

"Miaka yote hii natoa vitu kwenye nyumba za watu. Nataka mara moja tu dada aniambie, 'Karibu, ingiza.'"