Kusimama kwa Kila Kona

Jambo la kwanza tulilokosania mimi na Mwalimu lilikuwa mpira, na sikuwa nimemaliza hata kuvua koti. Nilikuwa nimetumwa na ofisi ya watunza wagonjwa nimhudumie kila Jumamosi nyumbani kwake Oxon Hill, hapa Marekani. Nilimkuta kwenye kiti chake cha sebuleni, goti moja limetoka kufanyiwa upasuaji na la pili linangoja zamu yake, na ukutani ametundika skafu ya timu ya mji huu. Akaniuliza, "Ndugu, wewe ni mshabiki wa timu gani?" Nikamtajia timu yangu ya Uingereza. Akanitazama kwa huruma, kama vile nimemtajia ugonjwa.

Mwalimu ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa hapa hapa. Alifundisha historia sekondari mpaka alipostaafu. Kiswahili alijifunza chuo kikuu akiwa kijana mwenye nywele nyingi, na tangu hapo amekuwa akikitunza kwa kumsimamisha kila Mkenya na kila Mtanzania anayemwona dukani. Mimi natoka bara, sehemu za juu, ambako Kiswahili ni cha shule na cha sokoni, kwa hiyo chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Sikupenda sana hilo, ila nilizoea.

Tulifanya mapatano. Asubuhi runinga ni yangu, maana wakati Ulaya ni alasiri hapa watu wanakunywa chai ya kwanza. Jioni runinga ni yake, timu yake ikicheza. Nami kila jioni nilikaa kwenye kochi nimekunja uso, maana nilikuwa nimelishwa kitu kizuri asubuhi halafu naletewa makombo.

"Mwalimu," nilimwambia siku moja, "beki wa Ulaya anaiona hatari kabla haijaja. Beki wako anaiona pamoja na sisi, kwa TV."

"Ana uungwana. Hataki kututangulia."

"Na hawa wazee mnaowanunua kutoka kule? Wanakuja tu kumalizia magoti yao hapa."

Akalipapasa goti lake. "Magoti usiyaseme vibaya nyumbani kwangu."

Sikuwa namwonea. Kule mpira ukimfikia mtu, mguso mmoja, umeshaondoka. Hapa anautuliza, anautazama, anaufikiria, na wakati huo adui ameshafika kumsalimu. Na kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba hakuna kushushwa daraja. Timu inashika mkia, watu wanakula soseji zao, mwaka ujao iko palepale. Nilimwambia hiyo si ligi, hiyo ni jumuiya ya kanisa.

Ndipo akanijibu kitu kilichonikaa moyoni. "Hiyo timu yako, umewahi kuiona?"

"Kila wiki."

"Namaanisha kwa macho. Umewahi kukanyaga mji wake?"

Sikuwa nimewahi. Akaniambia yeye anamjua mwanamke anayemuuzia karanga mlangoni, anajua watoto wake wamefika darasa la ngapi, na timu ikifungwa wanafungwa wote pamoja. "Yako ikifungwa," alisema, "unafungiwa huko kwako Beltsville, peke yako, na kikombe cha chai." Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa tayari ni safi.

Lakini kilichokuwa kinamsumbua Mwalimu hakikuwa ubora wa ligi. Kilikuwa viti viwili. Yeye na mkewe walikuwa na tiketi za msimu mzima, viti vya pamoja, ngazi kumi na nne kutoka chini. Mkewe alipofariki hakurudisha kiti chake. Aliendelea kulipia vyote viwili, na kila mechi alikuwa akiweka koti lake pale mkewe alipokuwa akikaa. Msimu uliopita alianguka kwenye ngazi zile, binti yake akiona. Binti huyo, ambaye anafanya kazi ya maabara Gaithersburg na ndiye mtoto wake wa pekee, alimwambia kwa upole kabisa: usipoweza kuzipanda mwenyewe kufikia mechi ya mwisho ya nyumbani, tunaviachia. Uwanja ulikuwa tayari kumpa nafasi kule chini, panapokaa watu wa viti vya magurudumu. Alikataa. Mkewe hakuwahi kukaa chini.

Mazoezi yenyewe hakuyataka. Mama wa mazoezi ya viungo alikuja kila Jumatano akimtaka ainuke na kukaa mara kumi, naye alihesabu kwa kununa. Mimi ndiye niliyepata wazo la kona. Kila kona ikipigwa, ya timu yoyote, Mwalimu anasimama. Akacheka, akakubali. Na hapo ligi yake ikaanza kuishinda yangu, maana mabeki wa Ulaya hutoka na mpira kwa pasi, lakini hawa wa hapa kila kinachokuja wanakitoa nje. Jioni moja alisimama mara kumi na saba. Nikajaza fomu ya ofisi kwa furaha: amesimama, amesimama, amesimama.

Sasa niseme kosa langu. Mimi nimelelewa hivi: mzee akiinuka, wewe kijana uliyekaa karibu naye umeshasimama na mkono wako uko kwapani mwake. Hufikirii. Ukibaki umekaa, wanaoona watauliza ulizaliwa wapi. Basi kila kona, mkono wangu ulikwenda wenyewe, na Mwalimu alipanda juu vizuri, nasi wote wawili tukajisifu.

Miezi miwili ikapita. Mama wa mazoezi akaja siku ya Jumamosi kumpima. Akaniambia nibaki jikoni, akamwambia Mwalimu asimame. Niliusikia mlio wa kiti. Nikausikia tena. Mara ya tatu nikasikia pumzi yake tu. Mama wa mazoezi akaniita, akaniomba nimwonyeshe ninavyofanya, nikamwonyesha. Akanitazama mikono, wala hakunigombeza.

"Hizi wiki zote," alisema, "umekuwa ukisimama wewe."

Alilazimika kumwambia binti, na binti alipiga simu mchana huo huo. Sikujua alisema nini, ila Mwalimu alijibu ndiyo, ndiyo, naelewa, akaiweka simu mapajani. Jioni hakutaka runinga iwashwe. Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu nije nchi hii, na hapa nimeona nyingi. Nilipiga magoti kumvua viatu, nikamwomba msamaha.

Kisha akasema, "Una adabu nyingi mno, ndugu. Ipunguze."

Tangu siku hiyo tukaweka sheria: kona ikipigwa, yeye anasimama na mimi nakalia mikono yangu. Si kwa maneno tu. Naisukuma chini ya mapaja, naikandamiza. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya katika nyumba za wagonjwa kuzidi hiyo. Kumwona mzee wa watu anatetemeka, mishipa ya shingo imetoka, nami nimekaa kama bwana harusi.

Asubuhi, kwa mpira wangu, hakufanikiwa hata mara moja. Kule kona inapigwa kabla hajashika mikono ya kiti. Lakini jioni, jamani, ligi ile ina subira. Kipa anagombana na mabeki, refa anawaita wawili anawahubiria, mpigaji anauweka mpira, anauweka tena. Mwalimu alipata muda wake wote. Alifika nusu akarudi. Wiki nyingine alifika robo tatu. Nikamwambia, "Mwalimu, hii ligi yako mbovu ina huruma na wagonjwa." Akasema hajawahi kusikia nikiisifu hivyo.

Siku aliyosimama wima ilikuwa mechi ya hovyo kabisa, tumeshafungwa matatu. Ikaja kona, akaegemea mbele, akasukuma, akawa juu. Akaachia kiti. Hakuna kati yetu aliyeona kona iliishia wapi. Nilitaka kulia, nikalia kidogo, na machozi sikuweza kuyafuta kwa sababu ya sheria yetu.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa Jumamosi jioni, baridi imeanza. Binti alituendesha kutoka Oxon Hill, tukavuka daraja la mto Anacostia mpaka uwanjani. Mwanamke wa karanga alimkumbatia Mwalimu mlangoni. Pale chini ya ngazi binti akasema yeye atabaki kwenye ukingo wa chuma, anataka kuona kutoka hapo, na akajiziba mdomo kwa mikono.

Mwalimu akashika chuma cha pembeni akaanza. Mimi nyuma, mikono nimeifunga mgongoni. Kwenye ngazi ya sita alisimama kwa muda mrefu mpaka watu wakajaa nyuma yetu. Kijana mmoja mwenye jezi akanyoosha mkono amshike, mtoto wa watu mwenye malezi mema, nikauzuia mkono wake. Nikamwambia, "Mwache, tafadhali." Aliniona mkatili, ningeweza kusoma usoni. Mechi ilikuwa imeshaanza; uwanja ukapiga kelele, bao, sikujua ni la nani. Ngazi ya tisa. Ya kumi na moja. Nilikuwa nahesabu kwa Kikikuyu, jambo nililolisahau tangu shule ya msingi.

Alipofika, aliketi kwenye kiti chake. Nilingoja avue koti aliweke kwenye kile cha mkewe, kama binti alivyonisimulia. Akalivua, akalikunja, akaliweka mapajani mwake. Basi nikakaa.

Mpira ulikuwa mbaya, siwezi kudanganya. Moja kwa moja, pasi zinapotea, mshambuliaji amejikwaa mwenyewe. Dakika zikisogea Mwalimu akaniuliza, "Sema kweli, ndugu. Sasa umeiona kwa macho."

"Mbovu, Mwalimu. Tena huyu beki wetu wa kushoto hafai kabisa."

"Beki wa nani?"

Mpira ulikuwa umetoka, kona, upande wetu huu huu. Mwalimu akaegemea mbele. Mkono wangu wa kulia ukashtuka, nikauwahi, nikaikalia yote miwili. Akasukuma, akawa juu, akaachia chuma. Kule chini binti yake aliinua uso. Kona ikapigwa ovyo, ikatoka nje, watu wote wakakaa chini wakilalamika. Mwalimu alikuwa bado amesimama.