Heshima ya Kizimbani

Hata nikizeeka zaidi nikasahau majina yenu wote, mjukuu wangu Lusajo, siku babu yako aliposimama kizimbani pale Kyela sitaisahau. Wewe unamjua babu mwenye mkongojo, anayegombana na kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Mimi nilimjua Gwakisa, dereva wa pikapu, kijana mrefu, mpole kupita kiasi. Mahari yangu ilikuwa imeshapokelewa nyumbani kwetu hapa Busale na harusi ilikuwa karibu.

Alikuwa anarudi kutoka Matema na mzigo wa samaki. Kwenye njia ndogo ya shambani akachomoka Mzee Ambakisye juu ya baiskeli, mikungu ya ndizi nyuma, akaingia barabarani moja kwa moja. Gwakisa alikanyaga breki, lakini ubavu wa gari ukamgusa mzee, akaanguka, mguu ukavunjika. Wapo waliomwambia akimbie kabla watu hawajajaa. Hakukimbia. Alimpakia mzee akamfikisha hospitali, kisha akaenda polisi mwenyewe kutoa taarifa. Hilo lishike kwanza, mwanangu. Kugonga mtu kunaweza kuwa ajali tu, lakini kukimbia na kumwacha majeruhi ni kosa jingine kabisa, na hilo huwezi kusema limekutokea.

Polisi walichukua maelezo yake, kaka yake akamdhamini, na baadaye akaitwa mahakamani kwa shtaka la kuendesha gari kwa uzembe na kusababisha majeraha. Wakati huo familia zetu zilikuwa zimeshakaa na familia ya Mzee Ambakisye. Jogoo alipelekwa, mchele ulipelekwa, wazee wakazungumza, na Mzee Ambakisye akasema amesamehe. Sote tukadhani yamekwisha, mahakamani ni kwenda kumalizia tu.

Unajua kwetu kijana akisemwa na mkubwa habishi, hata kama hakukosa. Anainama, anasema ni kweli, nisameheni, na chakula kinaletwa. Basi baba yangu, mzee wa kanisa aliyependa mambo yaishe kwa amani, alimwita Gwakisa akamwagiza ajibu hivyo hivyo mbele ya hakimu. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba binti yake hamwozeshi mtu wa kubishana na wakubwa. Nilikuwa jikoni nasikia, na nilifurahi. Nilijua babu yako ananipenda, kwa hiyo atasema. Neno moja tu, tufunge ndoa.

Hakimu alikuwa mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, miwani puani, hana haraka na mtu. Shtaka likasomwa, Gwakisa akaulizwa ni kweli au si kweli. Akainamisha kichwa, akasema ni kweli. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kosa lenyewe, kwamba mshtakiwa alikuwa anakwenda kasi na hakujali watumiaji wengine wa barabara. Hakimu akauliza kama hayo yote ni sahihi. Babu yako akainua kichwa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana uongo haujawahi kumtoka.

"Ulikuwa unakwenda kasi?" hakimu akamuuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Barabara ilikuwa mbovu, nilikuwa nakwenda polepole."

"Sasa unakiri nini?"

"Nakiri kwamba mzee ameumia, na gari nilikuwa naliendesha mimi. Inaniuma sana."

Hakimu alivua miwani akamtazama vizuri. "Kijana, kumwonea mzee huruma si kosa. Hapa heshima ni kunieleza kilichotokea. Ukisema ni kweli, naandika kwamba ulifanya, nakutia hatiani, na baada ya hapo hakuna wali utakaoletwa tukala pamoja."

Watu walicheka kidogo. Mimi sikucheka. Kumbe neno nililokuwa nalisubiri kwa furaha lingeweza kumpeleka gerezani, au kumtoza faini na kumnyang'anya leseni, na leseni ndiyo ilikuwa jembe lake. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii ni mdomo wa adabu. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akapanga siku ya kusikiliza mashahidi.

Siku hiyo Mzee Ambakisye alikuja anachechemea. Akala kiapo, akasema breki za baiskeli yake zilikuwa zimekwisha, na alikuwa anawahi kuuza ndizi zile ili anunue breki nyingine. Babu yako akaachiwa huru. Njiani baba akamshika Gwakisa begani. "Ndaga, mwanangu," akasema. Ndiyo shukrani yetu, na siku ile ilikuwa pia ni kuomba radhi.

Sasa Jumatatu ni zamu yako. Umeniambia mashtaka ni mawili, kubeba mishikaki kwenye pikipiki na kukaidi amri ya askari ya kusimama. La mishikaki usinidanganye, ulipita hapa na watu wawili nyuma, mmoja kakumbatia kuku. Hilo likisomwa, sema ni kweli, omba upunguziwe adhabu, lipa faini na udai risiti. La askari unasema ulisimama. Kama ulisimama, sema si kweli, kwa sauti ya kawaida, bila kiburi. Usichoelewa, omba kisomwe tena. Mtu akikuomba kitu kidogo ili ayamalize, kataa, maana rushwa ni jinai kubwa kuliko mishikaki yako. Wala usithubutu kutokwenda, utakuja kukamatwa hapa hapa mbele ya wadogo zako. Heshima si utumwa, mwanangu. Beba kosa lako lote, la mwenzio usilibebe.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu wangu hajawahi kuwa majuto, usianze Jumatatu. Babu yako ameshaagiza shati lake jeupe lipigwe pasi. Atakaa benchi la mbele, akuone ukianza kuinamisha kichwa. Kyala, Mungu wetu, akutangulie, akupe ulimi wa kweli, na kila safari ya pikipiki yako iishie hapa kwangu, ukiwa mzima.