Hata Mimi Nilifanyiwa

Juzi nilipeleka mjukuu wangu chuo hapa Machakos. Ofisini nikapata kijana mgeni amekaa juu ya sanduku lake, analia. Wanafunzi wakubwa walikuwa wamemuogesha na maji chafu ya kupigia deki, wasichana wakiangalia.

Mwalimu, kijana tu, akamuuliza kiongozi wao aliyeitwa hapo ofisini, "Mbona unatesa mwenzako?"

"Hata mimi nilifanyiwa, mwalimu."

"Na nani?"

Akaangalia viatu vyake. "Si ni wewe, mwalimu, ukiwa mwaka wa tatu?"

Mwalimu akakohoa. "Aa, yetu ilikuwa mchezo."

Yule mgeni akabeba sanduku. "Susu," akaniita kama nyanya yake, "gari ya kurudi kwetu Masinga iko wapi?" Nikamuonyesha.

Kwetu mimi ndiye nasikiza ugomvi wa familia. Kila mama mkwe mkali huniambia maneno hayo hayo. Bado nangoja mmoja aseme, "Nilifanyiwa, kwa hivyo sitafanya."